Timu za kazini Mombasa: yasemwayo na yaliyokuwa

Mpira wa Mombasa una mazungumzo mengi kuliko maandishi. Timu kubwa zina magazeti. Timu ndogo, zile za karakana, za maghala ya Shimanzi na za viwanda vya Changamwe, zina wazee na picha chache zilizofifia, na habari zake zikipita midomo mitatu minne hupotoka. Nawaandikia hasa vijana wanaozirithi timu hizi leo, ambao wengi wao hawajui kwamba jina lililo kifuani mwa jezi lilitoka kwenye lango la kazi ya babu zao.

"Mpira wa Mombasa wote ulizaliwa bandarini"

Si kweli, na kusema hivyo ni kuinyima mitaa haki yake. Ligi ya taifa ilianza 1963, na mwaka 1965 bingwa alikuwa Feisal ya Mombasa, ambayo haikuwa timu ya kampuni. Wazee watakutajia pia Liverpool, Liverpool yetu ya hapa Mombasa, iliyokuja kuitwa Mwenge. Timu za kazini zilikua ubavuni mwa timu hizo, na mara nyingi zilichota vijana wale wale.

"Timu ya kampuni iliundwa na kampuni"

Hili ndilo kosa kubwa, kwa kuwa linaanza kuhesabu historia pale meneja alipotoa jezi, wakati mpira ulikuwa umeanza zamani kabla ya jezi. Mara nyingi mwanzo wake ni wafanyakazi wanaocheza saa ya mapumziko, makuli wakipambana na makarani, kisha wanachanga pesa za mpira wa ngozi. Mwajiri huingia baadaye, akiona timu inavuta watu.

Hata Uingereza, walikotoka wengi wa mabwana wa reli na bandari yetu, ilikuwa hivyo. Arsenal ilianzishwa 1886 na mafundi wa karakana moja ya kiwanda cha silaha cha Woolwich. Walichanga peni sita kila mtu, na mmoja wao, David Danskin, akaongeza shilingi tatu kutoka mfukoni mwake ili mpira ununuliwe. West Ham ina hadithi tofauti. Ilianza 1895 ikiitwa Thames Ironworks, timu ya kiwanda cha kuunda meli, na mwenye kiwanda mwenyewe, Arnold Hills, aliiunga mkono tangu siku ya kwanza. Kiwanda chake kilikuwa kimesumbuliwa na migomo, na timu ilikuwa njia mojawapo ya kuwarudisha watu pamoja.

Ukilijua hilo, utaisoma Mombasa kwa jicho jingine. Kabla ya vita vya pili vya dunia na hata baadaye, kazi nyingi za gatini zilifanywa na vibarua waliochukuliwa langoni kwa siku, leo upo, kesho haupo. Januari 1947 mji mzima uligoma, bandari, reli na mahotelini. Wagomaji walikuwa wakikusanyika kila siku kwenye uwanja wa mpira wa Majengo, mahali walipopaita Kiembeni, na hapo ndipo chama chao kikapata nguvu chini ya Chege Kibachia. Uwanja wa mpira ulikuwa ndio ukumbi wa makuli. Baada ya misukosuko hiyo serikali na waajiri wakaanza kutaka wafanyakazi wa kudumu, wenye nyumba na starehe za kuwatuliza, na mpira ukawa miongoni mwa starehe hizo. Kwa hiyo mkono wa kampuni ulikuwapo, sikatai. Lakini mkono huo ulikuwa na hesabu zake, na waliocheza walikuwa na zao.

"Jina likibadilika, hiyo ni klabu mpya"

Itazame Bandari. Leo ni klabu kubwa, imechukua kombe la taifa 2015 na 2019, lakini mizizi yake ni ya kazini kabisa. Mwaka 1960 iliitwa LASCO, kifupi cha kampuni iliyokuwa ikipakua shehena Kilindini. Kazi ya kupakua ilipohamia kwa shirika jingine, timu ikawa Cargo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika 1977, Halmashauri ya Bandari ikaundwa 1978, na mwaka 1985 timu ya Cargo na ya Halmashauri zikaunganishwa chini ya jina la Bandari. Majina matatu hayo ni historia ya gati lenyewe.

Timu ndogo zimepita njia hiyo hiyo, ila hakuna aliyeandika. Idara ikiunganishwa na nyingine, kiwanda kikiuzwa, jezi hubadilishwa, lakini kipa ni yule yule na kocha ni yule yule.

Kwa sababu hiyo, usiichukue tarehe ya cheti ukadhani ndiyo siku ya kuzaliwa. Sheria ya Michezo ya 2013 ilianzisha ofisi ya Msajili wa Michezo, na klabu zilizokuwa zimesajiliwa kama vyama vya kawaida zikatakiwa kujisajili upya. Klabu ya miaka hamsini inaweza kuwa na cheti cha juzi. Nimewasikia viongozi wa timu wakisoma mwaka wa cheti mbele ya wadhamini kwa fahari, na wazee walioianzisha wameketi papo hapo, kimya. Inauma.

"Walikuwa wakilipwa, kwa hiyo hawakuwa wachezaji wa ridhaa"

Walilipwa kwa kazi. Mpira ulikufungulia mlango, na hilo halikufichwa: kijana mwenye mguu mzuri alitafutiwa nafasi ya ukarani, ulinzi au ghala ili aichezee timu. Kuanzia hapo alikuwa na kadi ya kazi na shifti kama mwenzake. Neema yake ilikuwa kuachiliwa mapema siku ya mechi, na si kila msimamizi alikubali. Kuna waliotoka zamu ya usiku, wakalala kidogo, wakavuka feri ya Likoni na njumu ndani ya mfuko wa sukari, wakafika uwanjani saa kumi jioni tayari kwa mechi. Akivunjika mguu, kilichomtia hofu kilikuwa kazi. Mtu ambaye asubuhi anabeba magunia hawezi kuambiwa alikuwa mchezaji wa kulipwa kwa sababu tu jina la mwajiri liko mgongoni.

"Kampuni ikifa, timu imekufa"

Wakati mwingine ndivyo. Rivatex ya Eldoret ilichukua kombe la taifa 1990 na 1995, na kiwanda cha nguo kilipoanguka timu haikusalia. Kwa upande mwingine, kiwanda cha Thames Ironworks kilifungwa 1912 na West Ham ipo mpaka leo, kwa kuwa ilikuwa imejitenga na kuwa klabu inayojitegemea tangu 1900. Tofauti ni hiyo: nani alikuwa na daftari la wanachama, nani alishika hazina, na uwanja ulikuwa wa nani.

La uwanja ni fupi. Uwanja wa Mbaraki ni wa Halmashauri ya Bandari, na timu nyingi ndogo huchezea mahali pa mwajiri, pa shule au pa kaunti. Miaka thelathini ya mazoezi haikupi hati ya ardhi.

"Haijachukua kombe, haina historia"

Timu ya kazini ni rekodi ya nani alikuwa akifanya kazi wapi, kutoka wapi, pamoja na nani. Mstari mmoja wa kikosi unaweza kukuonyesha Mdigo, Mtaita, Mjaluo na Mswahili wa Mji wa Kale kwenye karakana moja, jambo ambalo vitabu vya mahesabu vya kampuni havitakuambia. Itafute kwenye kadi za zamani za chama cha wafanyakazi, kwenye barua za kuomba ruhusa ya kutoka mapema, na kwa akina mama waliofua na kushona nambari za jezi, maana wao huwakumbuka wachezaji kwa majina ya nyumbani. Picha ya timu ikipatikana, ile ya mpira katikati ulioandikwa mwaka kwa chokaa, mtafute mzee aliyemo, akutajie majina kuanzia kushoto, waliosimama kwanza kisha waliochuchumaa, nawe uyaandike nyuma kwa penseli kabla hajaondoka kibarazani.