Bunge na uchunguzi wa ufisadi: ya vijiweni na ya kwenye sheria

Kila Aprili, ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) ikishatua bungeni Dodoma, vijiweni na kwenye magrupu ya WhatsApp hurudi maneno yale yale. Hasira ni ya haki. Shida ni kwamba mara nyingi tunaielekeza mlango usio wake.

"Bunge limeshawaona wezi, mbona haliwafungi?"

Halina uwezo huo. Ibara ya 63 ya Katiba inalipa kazi ya kuisimamia na kuishauri Serikali. Rushwa huchunguzwa na TAKUKURU, jinai nyingine Polisi, kushtaki ni kwa Mkurugenzi wa Mashtaka (DPP), kuhukumu ni kwa mahakama. Hata CAG hamkamati mtu: akishuku udanganyifu, Sheria ya Ukaguzi wa Umma ya 2008 inamtaka avijulishe vyombo vya uchunguzi.

"Suala likishafika TAKUKURU, wabunge wakae pembeni."

Hii ndiyo inayoniuma kuliko zote, maana husemwa hata na watu wasomi. Tukumbuke Richmond, kampuni iliyopewa mkataba wa umeme wa dharura. Mwaka 2007 TAKUKURU ilitangaza kwamba haikuona rushwa katika mkataba ule. Bunge halikuridhika, na Novemba likaunda kamati teule chini ya Dk. Harrison Mwakyembe. Ripoti yake ya Februari 2008 haikuishia kwenye kampuni. Iliwagusa na wachunguzi wenyewe wa TAKUKURU. Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu, na mawaziri wawili pia. Wabunge wangekaa pembeni, lile jibu la kwanza ndilo lingebaki kuwa historia.

Kusimamia uchunguzi si kuuingilia. Mbunge hana ruhusa ya kumwambia mchunguzi amkamate nani. Ana haki ya kuuliza jalada limefika wapi, limekwama mezani kwa nani, tangu lini. Kesi ikiwa mahakamani, hapo Kanuni za Bunge zenyewe zinamzuia kuijadili, na ni sawa.

"Wamepata hati safi, basi hakuna kilichoibwa."

Hati safi ya mkaguzi inasema hesabu zimeandaliwa kwa viwango vinavyotakiwa na hazina makosa makubwa. Basi. Taasisi inaweza kununua kitu kwa bei mara mbili ya sokoni, ikakiandika vizuri vitabuni, na hati safi ikatoka.

Ndiyo maana Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali (PAC) humwita afisa masuuli, yaani mkuu wa taasisi anayewajibika kwa fedha zake, hata mwenye hati safi. Anakaa mezani, nyuma yake mhasibu mkuu na mtu wa manunuzi wamekumbatia mafaili. Anaulizwa hati ya malipo fulani iko wapi. Akijibu, "Mheshimiwa Mwenyekiti, nyaraka tunaendelea kuzitafuta," wakati mkaguzi aliziomba miezi iliyopita, kamati imeshapata pa kuanzia. Hoja ya ukaguzi haifungwi kwa maelezo; inafungwa kwa vielelezo.

"Azimio limepita, kazi imekwisha."

Novemba 2014 PAC chini ya Zitto Kabwe ilileta ripoti ya Tegeta Escrow: zaidi ya shilingi bilioni 300 zilizotoka kwenye akaunti iliyokuwa Benki Kuu. Mjadala ulirushwa, nchi nzima ikasikiliza, maazimio yakapita. Desemba Mwanasheria Mkuu wa Serikali, Jaji Frederick Werema, alijiuzulu na Waziri wa Ardhi, Profesa Anna Tibaijuka, aliondolewa. Januari 2015 Waziri wa Nishati, Profesa Sospeter Muhongo, naye akaachia ngazi. Lakini wafanyabiashara wawili walifikishwa mahakamani Kisutu kwa sakata hilo Juni 2017, miaka miwili na nusu baada ya azimio.

Katika miezi ile yote hapakuwa na kamera wala makofi. Kilichokuwapo ni taarifa za utekelezaji wa maazimio, karatasi ambazo karibu hakuna anayezisoma, na ndizo zinazoonyesha nani aliulizwa na nani alinyamaza. Mbunge wako akija jimboni, muulize hoja za mwaka jana zimefikia wapi kabla hajaanza kukusomea za mwaka huu.