Badiliko la mtikiso wa ubongo: linavyofanya kazi, na kwa nini mashabiki hawaridhiki

Badiliko la mtikiso wa ubongo ni ruhusa ya kumtoa mchezaji aliyeumia kichwa, au anayeshukiwa kuumia, na kumwingiza mwenzake bila badiliko hilo kuhesabiwa pamoja na yale ya kawaida. Kila timu hupewa moja tu katika mechi. Aliyetoka harudi tena, hata mechi ikiamuliwa kwa penalti. Timu pinzani nayo huongezewa badiliko moja, ili asiwepo kocha wa kumwangusha mtu makusudi apate miguu mipya. IFAB, chombo kinachotunga sheria za soka duniani, kilianza kulijaribu Januari 2021 na kuliingiza rasmi katika sheria kuanzia Julai 2024.

Lakini limeingizwa kama hiari. Mwenye mashindano ndiye anayeamua kuliandika katika kanuni zake au kuliacha. Kwa hiyo shabiki wa mtaa wa Kondele, Kisumu, hapa Kenya, anayetazama Ligi Kuu ya Uingereza kwenye runinga Jumamosi, kisha Jumapili aende uwanjani Mamboleo, Kisumu, au Bukhungu, Kakamega, hana hakika kwamba kichwa cha mchezaji kinalindwa kwa kanuni ileile siku zote mbili. Hapo ndipo manung'uniko yanapoanzia, na naona yana haki.

Ili kuielewa hasira hiyo, ni lazima kwanza kuelewa mtikiso wenyewe. Kichwa kikigongwa kwa nguvu, au mwili ukisukumwa ghafla kiasi cha kichwa kuyumba, ubongo husukasuka ndani ya fuvu na seli zake huvurugika katika utendaji. Mara nyingi hakuna damu wala uvimbe, na picha za hospitali zinaweza kuonyesha kila kitu kiko sawa. Wengi wanaopata mtikiso hawazirai kabisa. Husimama, hujipangusa nyasi, huinua kidole gumba kumwonyesha kocha kwamba wako tayari. Dalili nyingine huja baadaye, pengine saa kadhaa baada ya mechi: kichwa kuuma, kizunguzungu, kusahau, kuchukia mwanga, hasira zisizo na sababu. Mchezaji mwenyewe ndiye shahidi mbovu kuliko wote, kwa kuwa kiungo anachotumia kujipima ndicho kilichoumia.

Mfano ambao wapenzi wa soka wa rika langu hawawezi kuusahau ni fainali ya Kombe la Dunia ya 2014. Christoph Kramer wa Ujerumani aligongwa na bega la Ezequiel Garay dakika ya 17. Alitibiwa, akarudi, akaendelea kucheza hadi dakika ya 31. Katika muda huo alimwendea refa Nicola Rizzoli kumuuliza kama mechi hiyo ndiyo fainali. Dunia nzima ilikuwa ikitazama, madaktari bingwa wako ukingoni, na bado mtu asiyejua yuko mechi gani aliachwa acheze karibu robo saa.

Baada ya hapo ikaja kanuni ya dakika 3: refa anaweza kusimamisha mchezo kwa muda huo ili daktari ampime aliyeumia. Ni hatua nzuri kwenye karatasi. Uwanjani, daktari amepiga magoti kwenye nyasi, mashabiki wanapiga kelele, kocha anaita, na mgonjwa anaapa kwamba yuko sawa. Mnamo Novemba 2020, Raúl Jiménez wa Wolves na David Luiz wa Arsenal waligongana vichwa. Jiménez alivunjika fuvu akapelekwa hospitali. Luiz alifungwa bandeji, akaendelea hadi mapumziko huku damu ikipenya. Miezi michache baadaye Ligi Kuu ya Uingereza ilianza kutumia badiliko hili.

Sasa, wanacholalamikia mashabiki wengi, wachezaji na hata baadhi ya ligi ni hili: badiliko lililopitishwa ni la kudumu. Daktari ana njia mbili tu, kumwacha mchezaji aendelee au kumtoa moja kwa moja, na lazima achague haraka. Mapema 2023 Ligi Kuu ya Uingereza, ligi ya Ufaransa na ile ya Marekani ziliomba kujaribu badiliko la muda, yaani aliyeumia atoke, mwingine ashike nafasi yake, apimwe mbali na kelele, kisha arudi akionekana mzima. IFAB ilikataa.

Anayefuata raga hili halimshangazi, na huku kwetu raga ina wenyewe: Kabras pale Kakamega, Nakuru na mashindano yao ya Prinsloo, Kisumu pia. Katika raga ya kiwango cha juu kabisa, mchezaji anayeshukiwa hutolewa kwa dakika 12, hupelekwa ndani, huulizwa maswali ya kumbukumbu, hupimwa anavyosimama na kutembea, na picha za video za tukio hutazamwa. Dalili za wazi zikiwepo, hakuna cha kupima, anatoka moja kwa moja. Katika ngazi za chini, ambako hakuna madaktari wala video, hakuna kurudi hata kidogo: ukishuku, mtoe.

Wanaopinga badiliko la muda katika soka wana hoja, nami siipuuzi. Wanasema dalili huchelewa, hivyo mtu anaweza kufaulu kipimo cha dakika 10 kisha azidiwe akiwa amerudi uwanjani. Wanasema pia sheria moja lazima itoshe ligi tajiri na ligi maskini. Ila hoja ya kwanza inajipinga yenyewe: kama dakika 10 ndani ya chumba tulivu hazitoshi, dakika 3 kwenye nyasi zinatosha vipi? Na ya pili raga imekwisha kuijibu, kwa kuwa na utaratibu mmoja wa walio na madaktari na mwingine mkali zaidi wa wasio nao.

Kuna jambo la uongozi hapa ambalo mashabiki wengi hawalijui. IFAB ina kura 8. Nne ni za FIFA, na nne ni za vyama vya Uingereza, Scotland, Wales na Ireland Kaskazini, kila kimoja kura moja. Sheria kubadilika inahitaji kura 6. Ukiwa Kisumu, sauti yako itafika huko kupitia shirikisho lako na FIFA tu. Nasi shirikisho letu limetupitisha mengi. Kenya ilifungiwa na FIFA Februari 2022, baada ya serikali kuuvunja uongozi wa soka, na kufunguliwa Novemba mwaka huohuo. Uongozi mpya chini ya Hussein Mohammed ulichaguliwa Desemba 2024. Miaka yote hiyo mazungumzo ya vijiweni yalikuwa nani amekalia kiti. Afya ya mchezaji ilisubiri.

Maswali ya kuwauliza viongozi ni mepesi, na shabiki wa Gor Mahia, wa Ingwe (AFC Leopards) au wa Kakamega Homeboyz ana haki ya kuyauliza kwa sauti kuliko hata anavyouliza habari za usajili. Je, kanuni za ligi zimelichagua badiliko hili? Kila benchi lina mtu aliyefunzwa kutambua mtikiso? Na la tatu, ambalo kwangu ndilo zito: neno la mwisho ni la daktari au la kocha? Likiwa la kocha ambaye timu yake imefungwa 1-0 dakika ya 80, sheria yote ni maandishi matupu.

Mzigo wenyewe ni wa maisha yote. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Glasgow uliochapishwa 2019 ulionyesha kuwa wachezaji wa zamani wa kulipwa wa Scotland walikuwa na uwezekano wa kufa kwa maradhi ya kuharibika ubongo karibu mara 3.5 ya watu wengine wa umri wao. Haukuthibitisha kama kisababishi ni kugongana, kupiga mpira kichwa, au yote pamoja.

Kwa vijana hatari haingoji uzee. Ubongo uliotikiswa ukigongwa tena kabla haujapona unaweza kuvimba ghafla, na mwaka 2011 mvulana wa miaka 14 wa Ireland Kaskazini alikufa hivyo baada ya mechi ya raga ya shule. Nawaza michezo yetu ya shule za sekondari, ambako dawa ni maji kichwani na mluzi wa refa. Mwalimu hahitaji ruhusa ya IFAB kumtoa mtoto. Asicheze tena siku hiyo, asipande boda peke yake kwenda nyumbani, na mtu amwangalie usiku ule. Akitapika mara kwa mara, akiona viwili viwili, akilegea mkono, akishikwa na degedege, shingo ikimuuma au usingizi ukimzidi asiamshike, apelekwe hospitali saa hiyohiyo. Kama hana dalili hizo, apumzike siku moja au mbili, kisha arudi hatua kwa hatua: kutembea, kukimbia polepole, mazoezi bila kugusana. Kila hatua ichukue angalau saa 24, na dalili zikirudi arudishwe nyuma. Mechi ni baada ya mhudumu wa afya kumruhusu.