Mbu sio bomba la sindano

Dhana: mbu anafyonza damu ya mgonjwa hapa, anaruka anamchoma mwingine pale, basi virusi vimeshahama.

Ukweli: hapana jamani. Virusi vya dengi lazima kwanza viambukize utumbo wa mbu mwenyewe, vizaliane humo, vipenye mpaka kwenye tezi za mate, na safari hiyo inachukua kama siku 8 hadi 12, mbu akifa kabla ya hapo hajaambukiza mtu. (Virusi vya UKIMWI vyenyewe vinaishia kumeng'enywa tumboni tu, ndo maana mbu haambukizi UKIMWI.)

Dhana: mtafiti wa mbu kazi yake kutafuta sumu ya kuwaua.

Ukweli: Scott O'Neill wa Australia tangu mwanzoni mwa miaka ya 90 anahangaika na bakteria anaitwa Wolbachia, anayeishi ndani ya wadudu wengi sana ila Aedes aegypti, mbu wa dengi, kwa asili hana. Yeye na wenzake wakamtoa kwa inzi wa matunda ili wamwingize kwenye mayai ya mbu huyo. Sasa fikiria kazi yenyewe, yai la mbu halifiki hata milimita 1, likitagwa ni jeupe na baada ya saa chache linakuwa jeusi na gumu, kwa hiyo unalichoma chini ya hadubini kwa sindano ya kioo likiwa bado laini, moja moja, maelfu, na mengi yanakufa. Halafu wale wachache waliopona wanalishwa damu, na watu wa kujitolea walikuwa wanaingiza mkono kabisa kwenye kizimba. Miaka na miaka! Mimi naheshimu sana subira hiyo.

Dhana: hao ni mbu waliochezewa jeni.

Ukweli: jeni za mbu hazijaguswa, kapewa bakteria tu, na akiwa naye virusi vinashindwa kuzaliana vizuri. Jike anawarithisha watoto, watafiti walianza kuwaachia mbu hao Cairns, Australia, Januari 2011, na kule Yogyakarta, Indonesia, jaribio lililoongozwa na Profesa Adi Utarini lilipunguza dengi kwa asilimia 77, na wanaolazwa kwa dengi wakapungua kwa asilimia 86.

Dhana: hayo ya huko Asia, sisi tuna malaria.

Ukweli: kuna homa ya chikungunya, nayo ya virusi, jina lake ni la Kimakonde, iligunduliwa kusini mwa Tanzania mlipuko wa 1952, na anayeieneza ni Aedes huyuhuyu, anang'ata mchana wakati chandarua kimekunjwa. Mayai yake yanakaa makavu ukutani mwa pipa miezi kadhaa yakisubiri maji, kwa hiyo ukimwaga maji sugua na pipa lenyewe.