Kwa nini wavuvi humrudisha mtoni samoni mkubwa kuliko wote?

Tarehe 7 Oktoba 1922, Georgina Ballantine alimvua samoni wa ratili 64, yaani kilo 29, katika Mto Tay huko Scotland. Ndiye samoni mkubwa zaidi kuwahi kuvuliwa kwa ndoana Uingereza, na rekodi hiyo haijavunjwa. Enzi hizo samaki wa namna hiyo aliuawa, na hakuna aliyeshangaa. Siku hizi, zaidi ya samoni tisa kati ya kumi wanaovuliwa kwa ndoana Scotland hurudishwa mtoni wakiwa hai. Kwa nini mtu ahangaike na samaki hadi mikono imuume, kisha amwachie, tena yule mkubwa ambaye kila mvuvi anamtamani?

Jibu linaanzia kwenye mayai. Samoni huzaliwa mtoni, hukulia baharini, kisha hurudi mtoni kutaga. Samoni jike hutaga mayai zaidi ya elfu moja kwa kila kilo ya uzito wake, kwa hiyo mmoja wa kilo 15 anaweza kufanya kazi ya wadogo kadhaa. Pia huyafukia vizuri zaidi. Jike anapotaka kutaga hulala ubavu na kuupigapiga mkia juu ya kokoto mpaka shimo lichimbike. Aliye mkubwa husogeza mawe ambayo mdogo hayawezi, na huchimba kwenda chini zaidi, hivyo mafuriko ya majira ya baridi yakipita, mayai yake hayasombwi kwa urahisi.

Halafu kuna urithi. Samoni wa Atlantiki aliyekaa baharini mwaka mmoja tu hurudi mtoni akiwa na kilo mbili au tatu. Aliyekaa miaka mitatu au zaidi huweza kupita kilo 10. Mwaka 2015 watafiti walionyesha kwamba jeni moja, iitwayo vgll3, ina uzito mkubwa katika kuamua umri wa samoni kukomaa. Ukiwaua wakubwa kila msimu, unaacha mto uzae wale wanaowahi kurudi. Canada ilichukua hatua mapema: mwaka 1984, katika majimbo yake ya pwani ya Atlantiki, wavuvi wa ndoana walitakiwa kumwachia kila samoni mwenye urefu wa sentimita 63 au zaidi. Kwangu mimi, huo ulikuwa uamuzi wa busara.

Wapo wanaouliza: samoni wa Pasifiki si hufa tu baada ya kutaga? Ni kweli, hufa. Lakini anaponaswa akipanda mto bado hajataga, na safari yote ya kutoka baharini ni kwa ajili ya siku hiyo moja. Wa Atlantiki wana bahati zaidi, kwa kuwa baadhi yao hunusurika, hurudi baharini na kuja kutaga tena.

Lakini kumwachia samaki na kumwokoa ni mambo mawili tofauti. Samoni akishaingia mtoni huacha kula na kuishi kwa mafuta aliyoyaweka mwilini, kwa hiyo kila dakika ya kuvutana na mshipi inakula akiba isiyorudi. Misuli yake hujaa asidi ya laktiki, na akiwa nje ya maji nyuzi laini za matamvua yake hushikamana, asiweze kupumua. Mwaka 1992 watafiti wa Canada walifanya jaribio kwa trauti, ndugu wa karibu wa samoni. Miongoni mwa waliochoshwa kabisa bila kutolewa majini, walikufa asilimia 12. Waliokaa hewani sekunde 30, asilimia 38. Waliokaa sekunde 60, asilimia 72. Picha moja ndefu inatosha kumuua.

Kwa mkubwa hatari inazidi, maana mwili wake umezoea kubebwa na maji. Ukimning'iniza kwa mkia, uzito wake mwenyewe unaumiza uti wa mgongo na viungo vya ndani. Mvuvi anayejali hutumia ndoana isiyo na mwiba wa nyuma na wavu usio na mafundo, hulowesha mikono ili asiufute ute unaomkinga samaki na ukungu, kisha humshika ndani ya maji: mkono mmoja kwenye shina la mkia, mwingine chini ya kifua, kichwa kikielekea mkondo unakotoka. Hata kumpima hakuhitaji mizani. Zidisha urefu kwa mzunguko wa kiwiliwili, zidisha tena kwa mzunguko huohuo, vyote kwa inchi, kisha gawa kwa 800 upate uzito kwa ratili. Samoni wa inchi 40 mwenye mzunguko wa inchi 20 ana takribani ratili 20, yaani kilo 9.

Yote haya hayasaidii sana maji yakiwa na joto. Maji ya moto hubeba oksijeni kidogo, wakati samaki aliyechoka anahitaji nyingi, na yakipita nyuzi 20 za Selsiasi vifo huongezeka hata mvuvi awe mwangalifu vipi. Ndiyo maana katika Mto Miramichi nchini Canada, joto likipanda na usiku usiyapoze maji, mamlaka hufunga vidimbwi vya maji baridi ambako samoni hujikusanya, na siku hizo hakuna ndoana inayotupwa humo.