Je, wajua kwa nini udongo mwekundu hung'ang'ania fosforasi?

Vilima vya Sukulu, karibu na mji wa Tororo mashariki mwa Uganda, vina mwamba mwingi wa fosfeti, yaani mwamba wenye fosforasi. Hata hivyo, mahindi ya jirani yanaweza kugeuka zambarau majani ya chini kwa kukosa fosforasi. Mwamba ule huyeyuka polepole mno, hata ukisagwa ukawa unga.

Udongo wenyewe nao ni mchoyo. Sehemu kubwa ya Uganda ina udongo mwekundu uliojaa oksidi za chuma na alumini. Ukitia DAP, mbolea ya kupandia yenye nitrojeni na fosforasi, fosfeti yake inayeyuka, kisha inanata kwenye oksidi hizo. pH (kipimo cha asidi ya udongo: ikishuka, asidi imezidi) ikiwa chini ya 5.5, inanata zaidi. Haijapotea, ila mizizi haiifikii.

Kwa hiyo maabara ya udongo, kama ile ya Kawanda karibu na Kampala, haiulizi udongo una fosforasi kiasi gani kwa jumla. Huuosha kwa kimiminika maalumu na kupima ile inayoachiliwa. Mehlich 3, Bray na Olsen ni vimiminika tofauti na hutoa namba tofauti, basi usilinganishe majibu ya njia mbili. Dai pH pia. Bila hiyo umepata nusu ya jibu.

Makosa mengi hutokea shambani, kabla udongo haujafika maabara. Chukua sampuli mwezi mmoja au miwili kabla ya mvua za Machi au za Agosti. Tembea kwa mshazari, huku na huku, uchote sehemu 15 hadi 20 kwa kina cha sentimita 20. Ruka vichuguu, zizi la zamani, njia na mahali jikoni humwaga majivu: koleo moja la majivu huweza kupandisha pH ya sampuli nzima. Changanya kwenye ndoo safi ya plastiki, upunguze hadi nusu kilo, uanike kivulini. Usifungie kwenye mfuko uliowahi kubeba mbolea! Bonde na mteremko vipimwe kila kimoja peke yake.

Majibu yakionyesha upungufu, usimwage DAP shamba zima, maana utakuwa unalisha oksidi. Iweke shimoni. Kilo 50 kwa ekari, mashimo yakiwa sentimita 75 kwa 60, ni takriban gramu 5.5 kwa shimo, yaani karibu kizibo kimoja cha soda. Funika kwa udongo kidogo kabla ya kutia mbegu, la sivyo itaungua. Kilo hizo 50 zina kilo 23 za P₂O₅ (namna fosforasi inavyoandikwa kwenye mifuko ya mbolea), sawa na kilo 10 tu za fosforasi halisi. Samadi iliyooza vizuri ikitangulia shimoni husaidia, kwa kuwa asidi zake hukalia nafasi ambazo fosfeti ingenata.

Chokaa ya kilimo isiingie shimo moja na DAP. Itie wiki kadhaa kabla, uichanganye na udongo kwa jembe. Zikikutana mbichi, nitrojeni huruka kama gesi ya amonia.