Mtungi wa mzamiaji haujajazwa oksijeni

Wageni wengi wa hoteli za Bonaire, kisiwa cha Karibea ambako mtu huingia majini kutoka ufukweni na kuyakuta matumbawe karibu, hudhani mtungi wanaoubeba mgongoni umejaa oksijeni. Sivyo. Mara nyingi ndani mna hewa hii hii tunayovuta, iliyochujwa, ikakaushwa na kushindiliwa: oksijeni takriban asilimia 21, na karibu yote iliyobaki ni nitrojeni.

Oksijeni tupu ingekuwa hatari. Kadiri unavyoshuka ndivyo mgandamizo unavyoongezeka, na ukipita mita 6 hivi gesi hiyo inaweza kuleta degedege. Mwenye degedege chini ya maji hufa maji. Hata naitroksi, mchanganyiko wa nitrojeni na oksijeni nyingi kuliko ya hewani unaopendwa sana kisiwani humo, ukiwa na oksijeni asilimia 32 una kikomo chake: takriban mita 33.

Dhana hii inanitia wasiwasi kwa sababu anayeamini anavuta oksijeni haikumbuki nitrojeni, na nitrojeni ndiyo inayoyeyuka mwilini muda wote ukiwa chini. Ukiibuka kwa pupa, au ukipanda ndege mapema mno, hujitokeza kama mapovu kwenye viungo na damu; maumivu yake ni makali, na wengine hupooza. Ndiyo maana baada ya siku kadhaa za kuzamia hushauriwa kusubiri angalau saa 18 kabla ya kuruka. Nawasihi, asubuhi ya kurudi nyumbani ogeleeni juu juu tu, hata kama mtungi umeshalipiwa.