HP Kubwa, Dizeli ya Kubana na Mengine Tunayodanganyana Kuhusu Injini

Nenda gereji yoyote, diko lolote la wavuvi au kijiwe chochote cha bodaboda, utakuta ubishi uleule: injini gani ni bora? Kasoro iko kwenye swali lenyewe. Kabla ya kutaja injini, uliza itasukuma uzito gani, kwa mwendo gani, itasimama mara ngapi njiani, na ikiisha itajazwa wapi. Dhana nyingi zinazozunguka mitaani zimezaliwa na mtu aliyeruka mojawapo ya hayo.

"HP nyingi ndiyo nguvu"

Trekta la Massey Ferguson 135, aina iliyotoka miaka ya 1960, lina HP 45 hivi. Toyota Vitz ya cc 1000 ina karibu 70. Ifunge hiyo Vitz plau uone.

HP ni mvuto uliozidishwa kwa mwendo. Trekta linazitumia HP zake 45 kwenye mwendo wa kilomita 5 hivi kwa saa, ndiyo maana mvuto unaotoka unapimwa kwa tani. Vitz ikiwa kilomita 100 kwa saa, hata ikitoa HP zote 70, mvuto uliobaki haufiki wa kilo 200. Mabadilishano hayo hufanywa na giaboksi, kisha uzito wa trekta na matairi yake mapana vinahakikisha magurudumu hayazunguki bure. Muuzaji anayekutajia HP bila kukuambia zinapatikana injini ikiwa kwenye mizunguko mingapi, na zinapitia gia zipi, amekupa nusu ya habari.

"Boti inakwenda polepole? Pachika mashine kubwa"

Kwa maoni yangu hii ndiyo dhana inayokula fedha za watu wa pwani na wa maziwa makuu kuliko nyingine zote, kwa sababu hasara yake haionekani siku moja. Inaonekana kwenye madumu ya petroli, wiki baada ya wiki.

Mashua, dau na jahazi ni vyombo vya kukata maji. Kila kinapokwenda, chombo kinaunda wimbi lake lenyewe linaloanzia omo, yaani mbele yake, na mwendo ukiongezeka wimbi hilo linarefuka. Urefu wa wimbi ukishalingana na urefu wa chombo majini, chombo kinakuwa kimelala bondeni: mbele kuna kilima cha maji, nyuma kuna kingine. Kuanzia hapo kila HP unayoongeza inatumika kujaribu kukipandisha chombo juu ya wimbi ambalo chenyewe kimelitengeneza. Waunda meli wana kanuni ya haraka: chukua urefu wa chombo pale kinapogusa maji, kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 2.4, upate mwendo wake wa juu kwa maili za bahari kwa saa. Mashua ya mita 9 inatoa 3 mara 2.4, yaani maili 7 na kidogo, karibu kilomita 13 kwa saa. Mashine ya HP 15 ikiwa tayari inakufikisha karibu na hapo, ya HP 40 itazamisha tezi (nyuma ya chombo), itanyanyua omo, itakuongezea mwendo kidogo mno, na dumu litakauka mapema.

Boti za faiba zenye tumbo bapa upande wa nyuma ni habari nyingine. Zimeundwa zinyanyuke na kuteleza juu ya maji, na kwa hizo HP ina maana kweli. Lakini hata boti hiyo ukiijaza samaki na barafu hadi ishindwe kunyanyuka, inarudi kuwa mashua ya kawaida, tena mashua mbaya.

Halafu kuna propela, ambayo wengi hawaiulizi kabisa. Chombo kinasonga mbele kwa sababu propela inatupa maji nyuma. Ukitupa maji yaleyale kwa kasi mara mbili, msukumo wa kila kilo ya maji unakuwa mara mbili, ila nishati inayoliwa na kila kilo inakuwa mara nne. Kwa hiyo kwa chombo kizito na cha polepole, njia ya bei nafuu ni kutupa maji mengi polepole: propela pana, mizunguko michache. Ndiyo maana dizeli ya ndani ya HP chache, yenye propela pana, inaweza kusukuma boti ya mbao iliyojaa dagaa kwa mafuta machache kuliko mashine ya kupachika yenye HP mara mbili na kipropela kinachopiga kelele. Kama mashine ya kupachika ndiyo unayoimudu, basi tazama namba mbili zilizopigwa kwenye propela yake. Ya kwanza ni upana, ya pili ni umbali ambao propela ingesogea mbele kwa mzunguko mmoja, zote kwa inchi. Chombo kizito kinataka namba ya pili iwe ndogo. Kubadilisha propela ni gharama ndogo ukilinganisha na kununua mashine mpya, na mara nyingi ndiyo dawa.

Mashine za kuchanganya oili kwenye petroli nazo husemwa vibaya kupita kiasi. Ni kweli zile za kabureta hutoa nje sehemu kubwa ya petroli, hata robo, bila kuiunguza, na zinachafua maji. Lakini ni nyepesi, zina vipande vichache, na fundi wa kijijini anaifungua ufukweni na kuifunga. Mtu anayevua mbali na duka la vipuri anaponunua mashine ya namna hiyo, huenda hesabu yake iko sahihi kuliko ya mshauri wa mjini. Wenye majahazi wanaoweka mashine ndogo ya kuingilia bandarini, safari yenyewe wakaiachia pepo za kusi na kaskazi, nao si washamba.

"Ndege ya pangaboi ni ya kizamani"

Tanzania ilipopokea Bombardier Q400 mbili mwaka 2016, mitandaoni ilikuwa kejeli tupu: tumeletewa pangaboi wakati wenzetu wana jeti. Lakini nyuma ya panga zile kuna injini ya tabini, ya jamii moja na ya jeti. Kilichobadilika ni namna ya kusukuma hewa, na kanuni ni ileile ya propela ya boti: panga pana linasukuma hewa nyingi polepole, na kwa mwendo wa wastani linatumia mafuta machache. Shida inaanza ndege inapotaka kwenda kasi sana, kwa sababu ncha za panga hukaribia kasi ya sauti na ufanisi unaporomoka. ATR 72 inakwenda kilomita 500 hivi kwa saa, Q400 karibu 650, jeti kama Airbus A220 zaidi ya 800. Sasa Dar es Salaam hadi Unguja ni kilomita 75 hivi. Jeti itaanza kushuka kabla haijafika mahali inapopata raha, na mafuta iliyokula kupanda hayarudi. Kwenye viwanja vyenye njia fupi ya kurukia, pangaboi ndiyo inayotua. Kwa safari ya kwenda Mumbai hakuna ubishi, chukua jeti. Na ile feni kubwa inayoonekana mbele ya injini ya jeti za leo, sehemu kubwa ya hewa inayoivuta inapita pembeni bila kuingia kwenye moto. Jeti nazo zimekuwa zikifuata njia ya pangaboi kimyakimya.

"Treni ya dizeli inavutwa na dizeli"

Si moja kwa moja. Kwenye vichwa vingi vya treni kubwa, dizeli inazungusha jenereta, na magurudumu yanazungushwa na mota za umeme. Klachi ya kuanzisha maelfu ya tani kutoka kusimama ingeungua. Mota inavuta kwa nguvu zake zote hata kabla gurudumu halijazunguka. Kwa hiyo SGR, yaani reli ya kisasa, ya Mombasa hadi Nairobi, iliyoanza mwaka 2017 kwa vichwa vya dizeli, na ile ya Dar es Salaam iliyoanza kubeba abiria hadi Morogoro mwezi Juni 2024, zote magurudumu yake yanazungushwa na umeme. Moja inaubeba mtambo wake mgongoni, nyingine inauchukua kwenye waya wa volti 25,000. Waya ni ghali kujenga na unalipa pale treni zinapopishana kutwa. Reli ya treni chache kwa wiki, waache na dizeli yao.

"Umeme hauna nguvu," na upande wa pili, "kila kitu kiwe cha umeme"

Wa kwanza wajibiwe na milima ya Kigali, ambako pikipiki za umeme za Ampersand zimekuwa zikipandisha abiria tangu 2019. Mota ya umeme inageuza zaidi ya asilimia 80 ya chaji kuwa mwendo, wakati injini ndogo ya petroli inahangaika kufikia robo ya mafuta yake. Bodaboda ni mteja wa kufaa: mwepesi, anasimama kila baada ya dakika chache, hatoki mjini, na betri ikiisha anabadilishiwa nyingine kituoni badala ya kusubiri chaji. Basi la mjini liko hivyohivyo, maana njia yake inajulikana na usiku linalala.

Wa pili wapige hesabu ya lori. Dar es Salaam hadi Tunduma ni zaidi ya kilomita 900. Lori lililojaa litakunywa lita 360 hivi za dizeli, uzito wa kilo 300. Lori la umeme la uzito huohuo, likila uniti 1.3 kwa kilomita, litataka takriban uniti 1,200, na betri ya kubeba hizo bila kusimama kuchaji ingekaribia tani 7 au 8. Hizo ni tani zinazotolewa kwenye mzigo wa mteja. Bila vituo vya chaji kubwa njiani, dizeli bado inashinda hapo. Anayesema umeme unahamisha tu moshi atazame kwanza umeme unatoka wapi: Kenya mwingi unatokana na mvuke wa ardhini, maji na upepo.

"Mtungi wa gesi ni bomu kwenye buti"

Gesi asilia ya kuendeshea gari inakaa kwenye mtungi kwa mgandamizo wa baa 200, karibu mara 90 ya tairi la gari, kwa hiyo woga una sababu. Ila mtungi umetengenezwa kwa ajili hiyo, na gesi yenyewe ni nyepesi kuliko hewa. Ikivuja mahali pa wazi inapaa, tofauti na ile ya kupikia inayotambaa sakafuni. Hatari halisi ni mtungi usio na cheti na fundi wa uchochoroni. Gari la petroli likibadilishwa linapungukiwa na nguvu, tuseme sehemu moja ya kumi, na nafasi ya mizigo inaliwa. Bajaji na teksi zinazozunguka Dar es Salaam, karibu na vituo, zinafaidi. Gari la dizeli halina plagi za kuwashia gesi, kwa hiyo mabadiliko yake ni kazi nyingine kabisa.

"Dizeli inabana mafuta, haibridi inabana mafuta"

Inategemea unakwenda wapi. Dizeli nyingi za kisasa kutoka ng'ambo zina chujio la masizi ambalo hujisafisha moshi ukifika nyuzijoto kama 600. Gari la kupeleka watoto shule kilomita tatu na kurudi halifiki joto hilo, chujio linaziba, na fundi anapendekeza likatwe. Haibridi, gari la petroli lenye mota ya umeme pia, nayo inang'ara kwenye foleni, maana kila ukikanyaga breki inarudisha umeme kwenye betri. Kwenye lami iliyonyooka kwenda Singida haina breki ya kuvuna, na tofauti na petroli ya kawaida inapungua sana. Kama shughuli zako ni foleni ya Mbagala asubuhi na jioni, chukua haibridi, ila bei ya betri yake iulize kabla ya kulipa.